Mche wa Wendell Uliobaki

Watu husema kazi ni kazi. Uongo mtupu! Jaribu wewe kuwamwagia ugonjwa watoto wa mumeo.

Watoto, ndiyo, nasema hivyohivyo, maana mimi na Wendell hatukujaliwa wengine. Kiangazi chake cha mwisho aliukwea kwa kamba msonobari mweupe uliobaki peke yake mlimani, wenzake wote wameuawa na kutu, ule ugonjwa wa ukungu. Akashuka na gunia la koni, ananuka utomvu, anacheka. "Mti huu, kutu haiuwezi, Ardith. Siku moja utaujaza mlima mzima." Baridi ilipoingia, moyo wake ukasimama. Hata leo nikisikia harufu ya utomvu nageuka kumtafuta.

Mbegu zake zilikuja kituoni kwetu, tunakopima miti, hapa Idaho, kama za mtu yeyote. Zikawa miche. Zamu yao ya kuingia chumba cha umande ilipofika, ni mimi niliyetandaza juu yao majani ya vichaka pori yenye kutu, upande wenye vumbi la chungwa ukitazama chini, ili liwaangukie. Ndivyo tunavyojua mti upi unastahimili: tunawaambukiza wanawe, tunasubiri.

"Mama anajulikana, baba ni upepo ulioleta chavua," alinitania Verna, mwenzangu wa zamu. "Watoto watundu hao, hawafi ng'o!"

Walikufa. Majani yao yakatoka madoa ya njano, mwaka uliofuata magome yakavimba, nami nikawang'oa mmojammoja huku nikilia waziwazi. Akabaki mmoja, safi, amesimama wima.

"Mpeleke ukampande kaburini kwa Wendell," Verna akaninong'oneza. "Mmoja hathibitishi kitu, shoga. Labda vumbi lilimkosa tu."

"Ndiyo maana inabidi arudi chumba cha umande."

"Wee! Una wazimu? Akifa je?"

Nilimbeba mche hadi kwenye gari, nikamketisha kwenye kiti cha Wendell. Mungu wangu, nilivyotamani kuondoka naye! Ningekwenda kumwona kila Jumapili, ningekuwa na kitu cha kumwagilia maji. Lakini Wendell hakupanda kule juu kwa ajili ya kaburi. Alitaka mlima.

Nikamrudisha. Nikamtandazia mwenyewe majani yenye kutu, nikamwambia, "Vumilia, mwanangu. Baba yako alisema utaweza."