Kitanda cha Kipruto

Mimi nikikasirika sifichi. Mume wangu Jairus husema hata mashine yangu ya kufuma hunijua, ati siku hiyo inakata nyuzi ovyo. Wacha aseme. Mwaka huu nilikuwa na sababu, na hasira yenyewe haijaisha, ila sasa sijui nimwangushie nani.

Ninafuma sweta za shule hapa Kitale, kwenye kibanda nyuma ya soko. Jairus anapima mahindi kwa stoo ya tajiri mmoja. Mtoto wetu ni Joan, yuko darasa la tatu. Tulimchukua makao ya watoto ya hapa hapa mjini kabla hajajua kutembea, na mahakama ikasema ni wetu. Yeye mwenyewe tulimwambia mapema kwamba kuna mama aliyemzaa na kuna mimi Wilkista niliyemlea. Kwangu hakuna siri. Siku tulipomleta nyumbani nilimvika sweta ya njano niliyoifuma kwa mkono, na ilipomkaa ndogo nikaihifadhi chini ya sanduku. Akiugua huitaka. Anaikunja, anaiweka chini ya shavu, analala.

Halafu akaja Kipruto. Alikuwa makao yale yale, kijana wa mwaka na kitu, amepewa jina la polisi aliyemwokota. Tulikwenda kuona watoto, na kabla sijachagua popote pa kukaa, yeye alitambaa moja kwa moja mpaka kwa Joan akashika kiatu chake. Hakukiachilia mpaka tukaondoka. Joan alicheka njia nzima. Basi tukaanza safari ya kuasili mara ya pili, na kila Jumamosi tukawa tunakwenda kumwona. Mtoto akanizoea. Akisikia sauti yangu mlangoni anaanza kupiga makofi. Nilimtaka, jamani. Nilimtaka mpaka usingizi ukanitoka.

Bi Rosaline, mama wa shirika la kuasili aliyekuwa anatushughulikia, alisema limebaki jambo moja. Lazima aende Bungoma aone watu wa Jairus, ajue ukoo utampokea mtoto namna gani. Bila neno zuri la huko, Kipruto haji.

Hilo la ukoo ndilo nililoliogopa. Kwetu Bungoma mtoto huingia ukoo kwa jina. Nyanya anaota mtu wa nyumba aliyekufa, anachinja kuku, anamwita mtoto kwa jina la yule marehemu watu wakisikia. Ukishaitwa umeitwa, hakuna wa kukuuliza umetoka wapi. Sasa Joan wangu, miaka yote hiyo, hana. Mama Jairus, ambaye watoto wote wa boma humwita Kukhu, yaani nyanya, hakumtesa hata siku moja. Anamsuka, anamwekea ndizi za kuiva, anamtania kwamba Kiswahili chake cha Kitale ni cha maringo. Lakini jina, hapana. Nikimuuliza ananiambia, "Wafu bado hawajaniambia." Wafu gani hao wa kukosa haraka hivyo?

Tulifika kwake, karibu na Misikhu, amepika kuku na ugali wa wimbi, amefunga kitambaa kipya. Joan akachukua jagi na karai akaanza kuwanawisha wageni, kama msichana yeyote wa boma. Alikuwa amefika kwa Bi Rosaline, anamwagia maji mikononi, wakati Bi Rosaline aliuliza, "Mama, huyu mtoto mpya mtampokeaje?"

"Nimpokee aje tena?" Kukhu akasema, uso unang'aa. "Si nimeshamwota! Mzee wangu Sifuna alikuja akasimama hapo mlangoni, akaniambia amechoka kukaa nje. Siku huyo kijana anaingia, siku hiyo kuku anachinjwa. Anakuwa Sifuna. Sasa hata mimi naweza kusema Jairus amepata mtoto."

Joan hakumwaga hata tone. Aliendelea na jagi lake, akaenda kwa mtu mwingine.

"Mama," nikasema, "Jairus alipata mtoto kitambo. Si huyu anawanawisha?"

Kukhu akacheka. "Wilkista na mdomo wake! Kwani nimemkataa? Huyu ni wetu, lakini ni msichana bana. Yeye ataenda zake. Kijana ndiye wa kukaa na boma."

Ati ataenda zake! Damu ilinipanda. Jairus akanikanyaga mguu chini ya meza, nami nikajua maana yake: neno zuri la mama, au Kipruto hakuna. Nikameza. Nilikula kuku wa yule mwanamke na nikasema asante. Baada ya chakula Bi Rosaline aliomba kuzungumza na Joan peke yake, kwa sababu hata mtoto wa nyumba huulizwa maoni. Wakakaa nyuma ya jikoni. Waliporudi Joan alikuwa ametulia tu, ameshika mkono wa Bi Rosaline. Nikajiambia aah, hakusikia, watoto hawasikii maneno ya wazee.

Tuliporudi Kitale mtoto akawa mwema kupita kiasi. Anaosha vyombo bila kutumwa. Anakunja nguo zake zote anazipanga upande mmoja wa kabati, upande mwingine anauacha wazi. Nikifika jioni nakuta amefagia mpaka nje. Majirani wakanisifu, nami nikavimba kichwa, nikasema huyu anajiandaa kuwa dada mkubwa.

Siku moja nikatoka kibandani nikamkuta ameketi kitandani, miguuni mwake bonge la uzi wa njano. Alikuwa amefumua ile sweta yake. Yote. Uzi ameuviringa vizuri kabisa kama nilivyomfundisha, kila palipokatika amefunga kifundo.

"Mfumie Kipruto," akaniambia. "Kule makao kuna baridi upande wa mlango."

Woi, nilimkumbatia! Nikamwambia hakuna mtoto Kitale nzima ana roho kama yake. Siku zile zile nikashika sindano, nikaanza. Na yeye anasimama kando yangu anaelekeza: usikaze kwenye mkono Mama, anapenda kunyonya mkono. Usiweke kifungo juu, atakitafuna. Akishtuka usingizini usimwashie taa, mpapase mgongo. Nilidhani ananiambia mambo ya Kipruto. Nilifuma ile sweta nikiimba.

Sweta ilikuwa imebaki mkono mmoja Bi Rosaline alipokuja kibandani. Hakutaka soda. Alivuta kigoda akakaa karibu na mashine.

"Mama Joan, siku ile Misikhu nilimuuliza mtoto kama anataka ndugu. Alisema anataka sana. Kisha akaniuliza, Kipruto akishakuja kwetu, kitanda chake kule kitabaki wazi?"

"Si maswali ya watoto tu," nikasema.

"Hata mimi nilisema hivyo. Jana nimepita shuleni kwake, nikamuuliza tena polepole. Akaniomba hicho kitanda kisipewe mtu mwingine. Anasema atakitumia yeye. Aliuliza tu kama akirudi makao ataendelea na shule hii, kwa sababu ana rafiki."

Nilishika ule mkono wa sweta mapajani. Nikaangalia uzi, na kila kifundo alichofunga kikanitazama. Alikuwa anampisha. Mtoto wangu alikuwa anamkabidhi Kipruto sweta, kabati na mama, na mimi nikafuma nikiimba.

Bi Rosaline akasema hawezi kuandika kwamba nyumba iko tayari. Hasemi hapana, anasema bado. Lakini Kipruto naye hawezi kukaa makao akingoja mpaka Joan apone, na kuna wengine walio tayari, Ngige na mkewe Mwihaki wa Saboti, hawana mtoto. Mpaka wiki ijayo lazima ajue.

Jairus aliposikia alikaa kitako kwenye saruji. Baadaye akasema, "Si tuongee na Joan tu. Amwambie Bi Rosaline kwamba alikosea, yuko sawa."

"Tumfundishe kusema?"

"Tumfundishe kidogo. Wilkista, tutampoteza kijana."

Na angesema, huyo mtoto! Ningemwambia sema hivi, angesema hivyo hivyo, neno kwa neno, kisha angeenda kukunja nguo zake. Moyo ulinivuta huku na huku. Nilimwita Joan nikamweka mapajani, mzito alivyo.

"Nani alikuambia unaondoka?"

"Kukhu alisema nitaenda zangu."

"Alisema kuolewa, mama! Ukiwa mtu mzima."

Akafikiria. "Lakini mimi nilitoka pale. Kipruto ndiye wa kukaa na boma. Amepewa na jina."

Nikamwambia huendi popote. Nikamwambia mara nyingi, nikalia nikimwambia. Yeye akaitikia "Ndiyo Mama," kama anavyoitikia mwalimu, akanifuta machozi kwa kofia ya sare yake. Hakuniamini hata kidogo. Nikampigia Bi Rosaline simu nikamwambia awape wale wa Saboti.

Siku Kipruto alipochukuliwa nilipeleka sweta. Aliposikia sauti yangu alipiga makofi. Mwihaki ni mama mzuri, sina neno naye, alikuwa na wasiwasi kuliko mimi. Nilimwonyesha mkono usiokazwa, nikamwambia usiku asiwashe taa. Akamvika. Kijana akaanza kunyonya mkono wa sweta papo hapo. Niliaga watu vizuri mpaka langoni, lakini nilipopanda boda nililia hadi yule kijana wa boda akasimamisha, akaniuliza kama kuna matanga. Nikamwambia twende tu.

Nyumbani nilimweleza Joan kwamba Kipruto amepata wazazi Saboti, na kwamba hapa tunabaki sisi watatu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ni kwa sababu mimi nilichelewa kutoka?"

Jairus aliinuka akatoka na simu. Nilimsikia uani akimwambia mama yake yote, jagi, kabati, sweta, kitanda. Miaka tuliyooana sijawahi kumsikia akimpandishia mama yake sauti. Mwishowe sauti ilimkatika, akawa analia tu na simu sikioni.

Haikupita muda mrefu, asubuhi moja, tukamwona Kukhu langoni. Amekuja peke yake kutoka Misikhu, mwanamke ambaye magari humtapisha, kuku jike mweupe amembana kwapani. Kitambaa kimelegea kichwani. Alionekana mzee ghafla. Sikumkaribisha. Nilikaa pale pale na beseni langu la maharagwe, hasira zangu zote ziko tayari.

Hakuniangalia mimi. Alikuwa anamtazama Joan, aliyekaa kigodani mlangoni akivunja maharagwe. Nanyama lilikuwa jina la mama yake Kukhu, aliyekufa mimi sijaolewa. Wajukuu wote wa kike wameomba wapewe, na wote amewanyima.

"Nanyama!" Kukhu akaita, kwa sauti ile ya kuitia watu wa boma wasikie. Majirani wakatoka. "Nanyama, njoo upokee kuku wako! Nanyama!"

Machozi yalikuwa yanamtiririka, hajifuti, mikono imejaa kuku.

Joan aliinuka haraka. Akapangusa kigoda kwa kiganja, akakisogeza pembeni, akatazama nyuma ya Kukhu, barabarani, huku na huku, akimtafuta huyo Nanyama. Hakumwona mtu. Akanigeukia mimi, mpole, tayari kusaidia.

"Mama," akaniuliza, "huyo naye tutamlaza wapi?"