Ukiona Jekundu, Futa

Kaka yangu anaogopa virusi kupita kiasi. Si vya mafua, vya kompyuta. Tangu matapeli waingie kwenye barua pepe yake, kompyuta ya nyumbani imekuwa kama mali ya jeshi. Antivirusi kaweka yeye, neno la siri analo yeye, na flashi haisogei karibu. Mama naye kamkaririsha: "Ukiona jekundu, bonyeza futa, usimsubiri mtu."

Sasa sikilizeni alichotufanyia.

Siku hiyo alasiri mama alikuwa aingie chumba cha upasuaji, aondolewe kisanduku cha sauti kooni. Akitoka huko, hasemi tena kwa mdomo wake. Nilihangaika mpaka nikapata programu inayojifunza sauti ya mtu: unamrekodi akisoma sentensi nyingi, halafu baadaye yeye akiandika, kompyuta inasema kwa sauti yake mwenyewe. Mama alisoma wiki mbili, koo likimuuma, maji ya moto pembeni. Kurekodi tukamaliza. Asubuhi ile kilibaki kusakinishwa kipande cha kuzungumza tu.

Nikabonyeza. Skrini nzima nyekundu! Hatari, hatari! Antivirusi ikaikamata folda yote, na rekodi za mama zimo humo humo.

Sikubabaika. Programu niliipakua kwenye tovuti ya wenyewe, na nilipowapigia, fundi wao akacheka. "Dada, watu wanaoitumia ni wachache, antivirusi haiijui, ndiyo maana inaishuku. Wewe iruhusu tu." Lakini kuruhusu kunataka neno la siri; kufuta tu ndiko hakutaki. Nikamfuata kaka sebuleni.

"Sitoi," akasema, macho kwenye simu.

"Kaka, ni sauti ya mama hiyo!"

"Virusi vyote huja na sababu nzuri."

"Hivi unanisikia? Mchana huu anakwenda hospitali!"

"Usinipandishie sauti. Mimi ndiye mkubwa hapa."

Lo! Nilimtolea yote ya moyoni. Nikamwambia ukubwa wake ni wa tumbo tu. Tulibishana mpaka jirani akachungulia dirishani, ndipo bwana mkubwa akanyanyuka, shingo upande, kwenda kuandika hilo neno lake.

Tukamkuta mama ameketi mbele ya kompyuta, ametulia zake.

"Msigombane," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Ilikuja nyekundu, nimeshaifuta."

Nikairukia kompyuta. Nikatafuta karantini, kule antivirusi inakofungia ilivyovikamata, hakuna. Pipa la taka, hakuna. Kaka kasimama nyuma yangu, anamung'unya maneno: "Mimi nilimwambia afute virusi, sikumwambia..."

"Umemfundisha wewe!" nikamkatiza. "Wewe na jekundu lako!" Nilikuwa nalia kwa hasira.

Gari la kwenda hospitali lilikuwa njiani. Nikaiweka simu yangu mbele ya mama, nimrekodi angalau kidogo, hata kama hakitatosha kuifundisha programu kitu. "Sema chochote, mama." Akafungua mdomo. Kaka akaniambia niisogeze simu, naishika vibaya. Nikamwambia afunge domo lake. Akanijibu. Nikamjibu. Mama akakohoa, akajaribu tena, na sisi bado tunarushiana maneno juu ya kichwa chake, mpaka dereva akapiga honi.

Wiki iliyofuata, wodini, tukaanza tena: nani kaiua sauti ya mama. Ni wewe. Ni wewe uliyeleta programu zako. Muuguzi akatukata jicho, hatukumjali. Mama, bandeji shingoni, akanyoosha mkono, akaichukua simu yangu, akaitafuta ile rekodi, akabonyeza.

Kelele tupu. Mimi na kaka, tunatukanana. Halafu, katikati yetu, sauti yake:

"Nyamazeni, wanangu, na mimi niseme."

Hiyo ndiyo sentensi pekee tuliyonayo.