Jina la Kipyego Mlangoni

Barua ya serikali ilisema wageni watafika saa nne asubuhi, na kufikia saa moja nilikuwa nimeshafagia karakana mara tatu. Mara ya tatu hakukuwa na hata unywele sakafuni. Nilikuwa nafagia hofu tu, na hofu haizoleki.

Naitwa Waceke. Mimi ni fundi wa mabati hapa Eldoret mjini, kazi niliyofundishwa na marehemu mume wangu, Isaiah. Zamani tulikuwa tukiziba mitungi ya maziwa. Siku moja niligundua kwamba mtungi uliozungushiwa maranda ya mbao hukaa na joto mpaka jioni, nikajiuliza kwa nini basi watoto njiti wafe kwa baridi katika zahanati zisizo na stima. Tukaunda kitanda: sanduku la bati lenye kuta mbili, maranda katikati, maji moto chini, kipimajoto ubavuni. Ukichemsha maji mara moja, mtoto anapata joto kwa muda wa saa nane. Kufikia 2011 zahanati moja upande wa Moiben ilikuwa imekitumia miaka mitatu, na daftari lao lilionyesha watoto arobaini na mmoja waliolala humo wakaenda nyumbani wakilia vizuri.

Mwaka huo huo serikali ilikuwa imefungua mfuko wa kusaidia biashara ndogo zinazobuni vifaa vya hospitali. Nikiupata, ningeunda vitanda thelathini na wataalamu wangevipima. Niliomba, nikapita mchujo wa kwanza, nikapita wa pili. Ulikuwa umebaki ukaguzi, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo, kwa sababu mlango wa karakana yangu ulikuwa umeandikwa kwa rangi ya bluu, herufi kubwa: KIPYEGO NA WANAWE.

Kipyego ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, muuza maziwa, Mkalenjin kutoka Kapseret, mzee wa kanisa, na maneno yake ni machache utadhani anayanunua. Ghasia za uchaguzi wa 2007 zilipolipuka, sisi Wakikuyu wa mtaa wa Munyaka tulikimbia usiku wa Jumapili, siku ile ile matokeo yalipotangazwa. Tulipotezana njiani. Mimi nilifika uwanja wa maonyesho, walikokimbilia watu, na nguo za mwilini tu. Isaiah hakufika. Nilimzika Nakuru, nikakaa huko mwaka mmoja na nusu nikizibia watu masufuria, kisha nikarudi nikiwa tayari kuona majivu.

Maduka ya kushoto na kulia yalikuwa majivu kweli. La kwangu lilikuwa limesimama na jina la Kipyego mlangoni. Alikuwa amelilipia leseni ya kanjo, yaani baraza la mji, kwa jina lake, na kitanda chetu cha kwanza amekipeleka Moiben kwa pikapu yake mwenyewe. Alinipa ufunguo, akaniambia, "Karibu nyumbani, Mama," akarudi kupima maziwa. Nililia mpaka wateja wake wakaona haya. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na tangu siku hiyo kila Krismasi nilikuwa nampelekea sukari na majani ya chai.

Jina sikuwahi kumwomba aliondoe. Utamwambia nini mtu aliyekuokolea mali? Wangesema fadhila za punda ni mateke. Na nikisema ukweli wote, nilikuwa pia naogopa. Uchaguzi mwingine ulikuwa unakuja, na chini ya jina lile nililala usingizi.

Afisa alifika saa nne kamili. Aliitwa Nanzala, mama mwembamba kutoka Nairobi. Alipiga kuta za kitanda kwa vidole, akatia mkono ndani, akasoma kipimajoto, akaguna kwa raha. Kisha akafungua faili.

"Mama Waceke, hii kitu ni safi sana. Lakini leseni ni ya Kipyego. Mlango ni Kipyego. Hata huko Moiben wameandika 'kitanda ya Kipyego'. Sasa mimi niandikie nani hii pesa?"

"Ni yangu," nikasema, na sauti ikatoka kama ya mwizi.

Kipyego alikuwa amesimama mlangoni na aproni yake. Nanzala akamgeukia. "Mzee, ni ya nani?"

"Ni yake. Mimi hata nyundo sijui kushika."

"Sawa, lakini mdomo haiingii kwa faili. Nendeni kwa wakili, Mzee aape. Aandike jina ilibadilishwa lini, na kwa nini. Niko kwa ofisi ya DC mpaka saa nane. Nikifunga bila hiyo karatasi, ni mpaka mwaka ujao, kama huo mfuko bado utakuwa."

Tulitembea kwenda kwa wakili. Nilimwona Kipyego akijipangusa jasho, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Nilidhani najua sababu. Mwaka huo kesi za ghasia zilikuwa zimefika mahakama ya Hague, na hakuna aliyetaka jina lake liwe kwenye karatasi yoyote inayotaja moto. Mtu aliyesema alijua jambo aliitwa shahidi, na shahidi hakupata usingizi kwake.

"Mzee, andika tu Januari, bila kutaja mtu," nikamwambia ngazini. "Sema vijana walikuwa wanachoma, ukaona uokoe. Nani atakuuliza zaidi?"

Alisimama, akashika ukuta. "Waceke, nitakuwa nimeshika Biblia."

Wakili Wangila alimsikiliza peke yake ndani, mimi nikiwa kwenye benchi natazama saa ya ukutani ikila muda wangu. Saa saba na robo akaniita niisome karatasi kabla ya kiapo, kwa kuwa ilinihusu.

Ilikuwa fupi. Ilisema karakana na kitanda ni mali ya Waceke na marehemu mumewe. Ilisema yeye, Kipyego, aliandika jina lake mlangoni siku ya Jumamosi, tarehe 29 Desemba 2007, saa tisa mchana, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba watu wangekuja kuchoma.

Nikaisoma tena. Jumamosi. Jumamosi saa tisa mimi nilikuwa nyumbani naanika nguo, na Isaiah alikuwa uani akitengeneza redio ya jirani, akinitania kwamba nimeanika nguo zake zote, atavaa nini kesho kanisani. Jumamosi magari ya Nakuru yalikuwa bado yanapatikana.

"Nani alikuambia?" nikauliza.

"Ndugu yangu."

"Na sisi?"

Alitazama kofia yake. "Nilifikiri ni maduka tu. Hapana, nisidanganye. Nilifikiri hata nyumba. Kupaka rangi niliweza. Kuja Munyaka sikuweza. Wangeniona nikiingia kwenu."

Niliketi. Sukari yote hiyo na majani yote hayo ya chai! Nilimchukia, nasema wazi, nilimchukia mbele ya wakili na mashine yake ya kupiga chapa. Na papo hapo nilijua kwamba karatasi ile ikifika kwa ndugu yake, Kapseret hapatakalika kwake.

Wangila akakohoa. "Mama, hiyo tarehe iko sawa, ama tuiguse?"

"Ukisema nisiape, nitaacha," Kipyego akasema.

Saa ilikuwa saba na nusu. Ningeweza kusema andika Januari. Angekataa, nami ningerudi na karakana isiyo yangu. Ningeweza kuichana, tuendelee kuamkiana.

"Aape," nikasema.

Aliapa. Akatia sahihi, Wangila akagonga muhuri. Niliibeba hati mwenyewe mpaka kwa DC, karibu kukimbia, yeye akinifuata nyuma. Nanzala alitazama sahihi na muhuri, akapitisha macho upesi juu ya yale mengine, akaitia kwenye faili.

"Sasa imekamilika. Jina ni lako," akasema, akitabasamu. "Mama, uko na bahati. Jirani kama huyu, siku hizi utampata wapi?"

Nikamwambia asante.

Kipyego alikuwa nje karibu na lango, kofia mkononi, akingoja kusikia. Nikamwambia imekubaliwa. Akasema Mungu ni mwema. Halafu nikamwambia atangulie, mimi nitapitia sokoni, na sikuwa na kitu chochote cha kununua.