Ngazi za Chumba cha Kufulia

"Hivi chini ya sifuri kuna nini tena?" jirani wa mlango wa pili aliwahi kuuliza, siku alipomkuta binti akilia juu ya hesabu zake.

"Kuna chumba cha kufulia," mama mtu alijibu. Wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichozaa somo. Kizingiti cha mlango kikawa sifuri. Ngazi za kupanda ghorofani zikawa chanya. Zile tano za kushuka chumbani, mama alikofulia nguo za wapangaji, zikawa hasi. Wiki nzima mtoto alipanda na kushuka, akikosea palepale: alihesabu na ngazi aliyokuwa ameshaikanyaga. "Inua mguu kwanza, ndipo uhesabu," mama alirudia mpaka sauti ikamkauka.

Leo baba mdogo, mwokaji mikate, amekuja na aproni mpya, akaibwaga mezani. Tangu kaka yake afariki, neno lake ndilo la mwisho: maswali mawili, na binti akikosa hata moja, kesho yuko kwenye tanuri, shule basi.

"Na wewe shemeji, ukifungua mdomo tu, nimemchukua."

Mjane akaubana mdomo, akabaki na Mungu wake moyoni.

"Hasi tatu, jumlisha tano."

Kidole gumba cha mguu wa binti kikagonga sakafu. Mama aliona: kimegonga kabla mguu haujanyanyuka.

"Mo..." Binti akasita. Akaunyanyua mguu, akaanza upya, midomo ikicheza. "Mbili."

"Umebahatisha. Hasi nne, jumlisha hasi mbili."

Mama akahesabu moyoni. Ngazi zenyewe ni tano tu! Ya mwisho ndiyo sakafu, saruji tupu na mabeseni. Mbona hakuliwaza hilo?

Binti aliutazama mlango wa kushukia.

"Baba mdogo, ngazi zimeisha."

"Ngazi? Nani kakuuliza ngazi hapa?" Akainyanyua aproni. "Haya, jipime, tuone kama inakutosha."

Binti hakuipokea. Alikuwa amefumba macho. "Ya tano niko sakafuni. Bado moja. Nachimba. Hasi sita."

Mwokaji alimkodolea macho, kisha akamgeukia mjane. Mdomo wa mjane ulikuwa bado umebanwa vilevile. Mwokaji akaikunja aproni taratibu, akaitia kwapani, akatoka.