Maji ya Jumamosi

Bibi Tamsin aliisikiliza hotuba nzima bila kuugusa mkate wake wa zafarani. Loveday, mjukuu wake, alisoma amesimama kando ya jiko, kwa sauti ileile aliyokusudia kuitumia ukumbini. Alisoma jinsi wanaume wa mji wao wa Polvennor walivyochonga bwawa la kuogelea katika mwamba wa ufukweni, mwaka ule kazi za machimboni zilipokatika. Jinsi bahari yenyewe ilivyolijaza kupitia mlango wa chuma. Jinsi lilivyozungushiwa seng'enge wakati wa vita, kisha likafurika watu kila kiangazi, hadi watu hao walipozigundua ndege za kwenda Uhispania na bwawa likaachiwa mwani na shakwe.

"Bwawa hili halikumbagua mtu," alimalizia. "Lilikuwa letu sote."

Bibi akaisukuma sahani. "Umekaa chuo kikuu miaka yote hiyo ili uje kunisomea hayo?"

"Ni mabaya?"

"Matamu. Kama pipi. Kesho nitanyoosha mkono kwa ajili ya maegesho ya magari."

"Bibi! Wewe huna gari."

"Sina hata baiskeli. Nitanyoosha mikono yote miwili."

Loveday aliketi. Halmashauri ilikuwa imeuachia mji uamue kesho yake, katika ukumbi wa kanisa: bwawa likarabatiwe, au lifukiwe magari ya wageni yapate pa kusimama. Tangu arudi na shahada yake ya historia, msichana huyu alikuwa amekwangua mwani wa bwawa lile kwa mikono yake mwenyewe hadi kucha zikawa za kijani. Hakuwahi kujiuliza kwa nini bibi yake, ambaye dirisha la chumba chake lilitazama ngazi za bwawa, hakuteremka hata siku moja kumletea chai.

"Siku zile hakukuwa na mtambo wa kuchuja," Bibi Tamsin alisema. "Maji yalibadilishwa mara moja kwa wiki. Jumamosi usiku wanayafungulia bahari ikipwa, Jumapili yanajaa mapya. Mji mzima uko kanisani, inayofanya kazi ni bahari peke yake. Jumatatu unaweza kuona sarafu chini kabisa. Kufika Jumamosi, huoni goti lako. Mafuta ya nywele, plasta za vidonda, mikojo ya watoto wa daktari, vyote vimo. Na Jumamosi tiketi ni rahisi. Unadhani nani walikuwa wa Jumamosi?"

Loveday aliitazama karatasi yake.

"Sisi wa kiwanda cha samaki. Hatukulalamika, ukiwa na miaka kumi na sita, maji ni maji. Ila siku yangu ya kuzaliwa ikaangukia Jumatatu. Nikadunduliza, nikasugua mikono kwa limau hadi ikawasha, nikanunua tiketi ya bei kamili. Mlinzi akainama, akaninusa. Akaninusa, Loveday, kama paka. Akasema, 'Wasichana wa samaki ni Jumamosi, kipenzi.' Nyuma yangu foleni nzima ikacheka."

"Ukafanya nini?"

"Nikacheka nao. Ungefanya nini wewe?" Sasa ndipo akaumega mkate. "Sirudi kwenye bwawa linalodanganya."

Asubuhi yake Loveday alimweleza Bwana Hosking, mwenyekiti wa kamati ya bwawa, meneja wa benki mstaafu aliyevaa tai hata siku ya kukwangua mwani.

"Masikitiko makubwa," Bwana Hosking alisema kwa upole. "Lakini leo, binti yangu? Utawapa wenye magari kisu, na shingo yetu uwashikie."

Hakuwa mtu mbaya, na pengine alisema kweli. Hilo ndilo lililomtesa Loveday alipopanda jukwaani. Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Bibi Tamsin alikaa safu ya nyuma, mkoba mapajani. Loveday akaanza na wachongaji wa mwamba, akafika kwenye mlango wa chuma, watu wakitikisa vichwa kuafiki. Kisha akafika pale pa "halikumbagua mtu", na hakuisoma sentensi hiyo.

Akaikunja karatasi. Akasimulia habari za maji ya Jumatatu na maji ya Jumamosi. Jina la bibi yake hakulitaja. Alisema tu kuna msichana aliyenuswa mlangoni, akacheka ili asilie. "Nilitaka kuwaambia lilikuwa letu sote," alisema. "Halikuwa. Mimi naomba liwe."

Bwana Hosking aliitazama dari. Denzil, muuza mboga aliyetaka maegesho kuliko mtu yeyote, akainuka. "Basi kumbe! Mmesikia wenyewe. Tulifukie, aibu iishe."

"Keti, Denzil," sauti ya mwanamke mzee ikasema kutoka katikati. "Aibu ya nani? Mimi nilikuwa wa Jumamosi."

"Na mimi," akasema mwingine, akishikilia kiti cha mbele ili asimame.

"Mama yako pia, Denzil," akasema wa tatu. "Tena alikuwa akipiga mbizi kuliko sisi wote, Mungu amrehemu."

Denzil akaketi taratibu, kama aliyesahau alichosimamia.

Hapo Bibi Tamsin akasimama. "Mimi nilikuja kupigia kura magari," alisema. "Lakini Jumatatu yangu sijaipata bado. Mkilifukia nitaipata wapi?"

Mikono iliponyooshwa, Loveday hakuweza kutazama. Alisikia tu Bwana Hosking akipenga kamasi kwa kishindo, akajua.

Ukarabati ulichukua zaidi ya mwaka. Walilifungua mwezi wa Mei, na Loveday alishikilia iwe Jumatatu. Desturi ya Polvennor ni kwamba anayeingia wa kwanza hupaza sauti, "Matamu ukishaingia!" hata kama meno yanagongana. Mji mzima umesema uongo huo tangu bwawa lichongwe.

Bibi Tamsin aliteremka ngazi akiwa na kofia ya mpira ya manjano, mkono wake mmoja kwenye bega la mjukuu wake. Maji yakamfika magotini, kisha kiunoni. Akasimama.

"Sema basi, Tamsin!" Denzil alipiga kelele kutoka ukingoni, taulo shingoni. "Tunaganda huku!"

Hakumjibu. Alikuwa ameinamisha kichwa. Loveday naye akatazama chini, na pale, juu ya mwamba uliochongwa, aliona miguu minne, yake na ya bibi yake. Bibi alikuwa akivichezesha vidole vya miguu polepole, kimoja baada ya kingine.

"Naviona," Bibi alisema kwa sauti ndogo.

Kisha akainua uso kuwatazama watu wa mji wake.

"Barafu tupu!" akawapigia kelele. "Ingieni!"

Wakaingia, wakipiga mayowe.