Waliozoea Maji

Sheryl Akello alifika kwao, bondeni chini ya Pap Onditi, Jumanne ya kabla ya Pasaka, saa ya chakula cha mchana. Kaka yake Dishon alikuwa amempokea uwanja wa ndege Kisumu, na tangu Katito alikuwa akimpa habari za mbuzi. Walipofungua mlango wa nyumba ya mama yao, Sheryl alikuta maji yamejaa sebuleni hadi magotini. Mama Rosa alikuwa mezani akichambua omena, miguu yake majini. Samaki mdogo aina ya mumi alipita chini ya kochi akaelekea chumbani.

"Karibu, nyathina, mwanangu," Mama Rosa alisema. "Funga mlango, kuku wataingia."

Sketi ya Sheryl ililowa. Ya mama yake ilikuwa kavu. Suruali ya Dishon, aliyepita maji yale yale na sanduku kichwani, ilikuwa kavu pia.

"Haya maji yaliingia lini?" Sheryl aliuliza.

"Ni ya ile mvua ya mwaka juzi," Dishon akasema. "Si tulikuambia kwa simu?"

"Mliniambia mambo ni sawa."

"Tulikuambia tumezoea."

Sheryl alikuwa muuguzi Leipzig, Ujerumani, na hii ilikuwa likizo yake ya kwanza nyumbani. Aliwaeleza kwamba kule bomba lilipasuka chini ya jengo lao, na zimamoto wakafika kabla hajamaliza kuvaa viatu. Dishon alicheka. Zimamoto waje kwa sababu ya maji? Mama Rosa alimtolea binti yake kikombe cha wageni, na Sheryl akakunywa chai amekunja miguu juu ya kiti. Usiku alilala juu ya meza. Wenzake walilala vitandani kama kawaida, maji yakipita juu ya vifua vyao.

Siku iliyofuata alienda kumsalimia jirani yao Elsie. Njiani aliona ng'ombe wakila nyasi chini ya maji, na karibu na kanisa bango la tuta la kuzuia mafuriko, ambalo serikali iliahidi. Konokono walikuwa wamekula nusu ya herufi. Tuta lenyewe halikuwepo.

"Byron yuko wapi?" aliuliza. Byron alikuwa mtoto wa Elsie.

"Byron hakuzoea," Elsie alisema, akammiminia chai.

Byron hakuwa peke yake. Wasiozoea walikuwa wamezikwa juu, kando ya barabara, kwa sababu ndiko kulikobaki ardhi kavu. Elsie aliwataja kwa majina huku akimsogezea sukari.

Jioni ile Sheryl alimchukua mama yake, akampeleka Kisumu, kwenye nyumba ya wageni pale Milimani. Chumba kilikuwa kizuri, chenye zulia na dirisha linalotazama bustani. Mama Rosa aliketi kitandani. Midomo yake ilianza kupasuka, kisha akaanza kuhema kama ngege aliyetolewa wavuni. Sheryl, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu kupumua, alimlegeza nguo, akamfungulia dirisha, akampima mapigo ya moyo. Haikusaidia. Mwishowe alijaza beseni maji, akaiingiza miguu ya mama yake humo. Pumzi ikarudi.

"Nataka tukae wote mahali pakavu, Mama."

"Unataka kunizika juu?" Mama Rosa aliuliza. "Nirudishe nyumbani."

Alimrudisha. Mvua za masika zilikuwa zimeshika, na kila asubuhi maji yalikuwa yamepanda kidogo: kiunoni, mabegani, kwenye fimbo ya pazia. Hakuna aliyelitaja jambo hilo. Sheryl alisimama juu ya kiti, kisha juu ya meza, na Jumamosi, kwa kuchoka tu, akashuka akasaidia kuosha vyombo.

Jumapili ya Pasaka maji yalikuwa yamepita mabati. Walikuwa mezani waliposikia injini juu ya paa. Sheryl alitoka uani. Boti ya maofisa ilikuwa imesimama juu ya jikoni, na sauti zilishuka vizuri kabisa.

"Hapa kulikuwa na watu?"

"Walihama."

"Tuko hapa!" Sheryl alipaza sauti. "Mama yangu yuko hapa! Tuko wengi!"

Maneno yake yalipanda yakiwa mapovu, yakapasuka kando ya boti. Ofisa mmoja aliinama akatazama.

"Ni nini hiyo?"

"Ni samaki tu, kamongo. Huja juu kuvuta pumzi."

Injini iliunguruma, kivuli cha boti kikapita juu ya shamba la mtama, kikaelekea kwa Elsie. Hakikusimama huko pia. Sheryl aliendelea kuita mpaka akagundua kwamba kinywa chake kimejaa maji, na kwamba hakohoi.

Alirudi ndani. Dishon alisogea kumpa nafasi kwenye benchi.

"Hata sisi tulipiga kelele mwanzoni," alisema, akamsogezea bakuli la samaki.