Kijumba cha Katoni za Samaki

Katika laini za polisi za Naguru, jijini Kampala, wanamoishi askari na familia zao, filimbi ya bendera ikilia, kila kitu husimama. Mwenye ndoo kichwani husimama na ndoo yake, anayepiga mswaki husimama na povu mdomoni, na hata wagomvi hukatiza ugomvi wao wakikodoleana macho, kila mmoja akilihifadhi neno lake la mwisho mpaka bendera ifike mahali pake. Asubuhi hupanda upesi, jioni hushuka taratibu, taratibu kabisa, kama mtu mzima anayeteremka ngazi. Tangu Lamunu apate akili, mtu wa kuipandisha na kuishusha alikuwa mmoja tu: baba yake, Sajenti Oola, na jioni hajapata kuiharakisha hata siku moja.

Asubuhi hiyo Lamunu alitoka nyumbani amekumbatia jengo zima kifuani. Lilikuwa jengo la katoni, pana kuliko sinia la harusi, lenye kuta, madirisha, baraza ndefu na viti vya njiti za kiberiti. Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akisomea uchoraji wa majengo, na saa tatu wakaguzi wangekuja kutazama kazi za wanafunzi katika ukumbi wa chuo, kule Old Kampala. Asiyekuwa na jengo lake mezani angerudia mwaka.

Na mwaka wa kurudia Lamunu hakuwa nao. Desemba baba yake alikuwa anastaafu, na polisi akistaafu nyumba yake hupewa polisi mwingine. Mama yake alikuwa ametangulia kijijini Pader kupanda simsim na kuezeka nyumba watakayozeekea. Lamunu angebaki Kampala akilala wapi, akila nini? Baba hakuwahi kulisema hilo kwa sauti. Usiku uliotangulia alisema tu, akiipiga rangi buti yake, "Binti yangu, kesho umalize." Lamunu alijua neno hilo lilikuwa na uzito gani.

Jengo lenyewe lilikuwa chumba cha kusomea. Alilichora kwa ajili ya watoto wa laini, ambao husoma nyuma ya pazia huku upande wa pili wa pazia wazazi wakisikiliza redio na wageni wakicheka. Karatasi ngumu za madukani zilikuwa za wenye nazo, kwa hiyo alitumia katoni alizopewa na Mama Tresor. Huyu kwa jina lake aliitwa Kahambu, mama wa Kikongo kutoka Butembo aliyekuwa akiuza samaki wa chumvi, makayabu kama wanavyowaita kwao, nyumba hadi nyumba pale Naguru. Katoni zilifika zikinuka. Lamunu alizianika juani wiki nzima mpaka harufu ikafa, au ikajifanya imekufa. Majirani walichangia walichokuwa nacho. Konstebo Babra, msichana wa nyumba ya pili, alileta njiti za kiberiti. Koplo Okwir alitoa dodoki lake la kuogea likatwekatwe kuwa miti, na tangu hapo akawa anaulizwa kila siku kama bado anaoga.

Mpango ulikuwa mwepesi. Gari la polisi lingewapeleka askari wa zamu mjini mara tu baada ya bendera, na Lamunu angedandia. Alikuwa katikati ya uwanja, bado hajalifikia gari, filimbi ilipolia.

Akasimama. Wote wakasimama. Sajenti Oola akashika kamba.

Hapo ndipo tone la kwanza lilipoanguka, tap, juu ya paa la katoni. Likafuata la pili. Lamunu alilitazama doa likitanuka kama wino kwenye kitambaa. Alijikunja kidogo kulikinga jengo kwa kidevu na nywele zake, lakini miguu haikusogea. Angeweza kukimbia, hakuna ambaye angemfunga. Lakini mtoto aliyezaliwa laini, miguu yake haimsikilizi yeye, inaisikiliza filimbi. Kule mlingotini baba yake aliyaona matone, na Lamunu akaona kwamba ameyaona. Mikono ya sajenti iliendelea kuvuta kwa mwendo ule ule, lakini taya lake lilikuwa limekaza.

Ghafla katika uwanja ule wa watu walioganda, kitu kimoja kikatembea. Mama Tresor alilitua beseni lake la samaki chini, akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akakatiza uwanja mbio, kandambili zikimpiga visigino pa-pa-pa, akalifunika jengo lote kama anayemfunika mtoto aliyelala. Kisha akasimama hapo hapo kando ya Lamunu, akihema, akaitazama bendera kwa heshima zote.

Ilipofika juu, sajenti alifunga kamba, akaja moja kwa moja. Watu wakasogea kumsikiliza.

"Mama Tresor, umetembea bendera ikipanda."

"Hapana, Sajenti. Sheria inasema mutu asitembee, si vile?"

"Ndiyo."

"Mimi sikutembea. Nilikimbia."

Koplo Okwir aligeuka upande mwingine, mabega yakimtetemeka. Sajenti Oola alimtazama mama yule, akakitazama kitenge kilichokuwa kinachukua mvua yote, akasema, "Tutaiangalia hiyo sheria." Kisha kwa Lamunu, kwa sauti ya chini, "Nenda. Gari linangoja."

Kwenye gari askari walilipokea jengo kama majeruhi. Kila mmoja alishika pembe moja, wakaliweka juu ya magoti yao chini ya turubai.

"Afande Ochan," Babra alimwambia dereva kupitia kidirisha, "taratibu. Huku nyuma tuko na nyumba ya watu."

"Nyumba ina kodi?" akauliza Ochan.

"Wewe endesha."

Ochan akaendesha kama aliyebeba mayai ya kuku wa mama mkwe. Wenye bodaboda waliwapita wakiwachungulia kwa mshangao, kwa kuwa gari la polisi lenye mwendo wa konokono si jambo la kila siku Kampala. Mvua ilipoanza kupungua, Okwir alivuta hewa puani mara mbili, tatu.

"Nani amebeba mchuzi?"

Lamunu alifumba macho. Ile harufu haikuwa imekufa. Ilikuwa imelala, na maji yameiamsha.

Zamu ya askari ilikuwa Nakivubo, na hapo gari likakoma. Kutoka hapo Lamunu alipaswa kupanda kilima cha Old Kampala kwa miguu, lakini kwanza avuke umati: wachukuzi wenye marobota mgongoni, akina mama wenye mabeseni ya nyanya, teksi zilizobanana hata panzi asipate pa kupita.

"Utapondwa," alisema Babra. "Kaa nyuma yangu. Nitakufungulia njia."

Akajitosa mbele, akanyoosha mkono, akapuliza filimbi kwa nguvu zote.

Umati ukagawanyika. Njia ikafunguka, nyeupe kabisa. Babra akaenda hatua kadhaa, akageuka nyuma, akamkuta Lamunu amesimama wima pale pale alipomwacha, visigino vimegusana, jengo kifuani, macho juu angani akiitafuta bendera. Nyuma yake magari yalikuwa yanapiga honi.

"Lamunu! Hiyo ni ya barabara!"

"Pole," alisema Lamunu, na miguu ikamrudia.

"Pole sana, nyabo," alidakia kwa adabu ya Kiganda mchukuzi mmoja akipita na robota lake. "Hata mimi filimbi ya Babra huwa inanitisha."

Waliofuata walicheka, na kwa sababu walicheka walimpisha kwa moyo mkunjufu. Mama wa nyanya alivuta beseni lake. Kijana wa teksi aliubana mlango wake usimguse. Hakuna aliyemjua, wala hakuna aliyeuliza lile furushi la kitenge ni nini. Walimwona tu mtu aliyebeba kitu kwa namna ya kukipenda, na hilo Kampala inalielewa hata siku zake za pupa. Alipofika ng'ambo, Babra alimpigia saluti, kisha akaikimbilia zamu yake.

Lamunu akapanda kilima. Njiani paka mmoja wa rangi ya majivu alitoka katika mlango wa duka, akamfuata. Alipofika chuoni walikuwa watatu.

Alilitua jengo mezani zikiwa zimebaki dakika chache tu. Akavuta pumzi, akakivua kitenge taratibu. Kitenge kikatoka, na paa likatoka nacho. Katoni ilikuwa imelainika, ikashikamana na kitambaa kama ugali na sufuria, na alipojaribu kuibandua ikameguka vipande.

Akabaki amesimama na vipande vya paa mkononi. Pande zote za ukumbi yalikuwa majengo meupe ya wenzake, yenye paa zilizonyooka. La kwake lilikuwa na kuta, viti, baraza, miti ya dodoki, na juu uwazi mtupu. Alimfikiria baba yake akiipiga rangi buti. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo machozi yalimlenga.

Wakaguzi walikuwa wawili: Mwalimu Nabangala wa chuo chenyewe, mwanamke asiyecheka saa za kazi, na mzee Abdul-Latif, aliyekuja kutoka nje ya chuo na ambaye alikuwa amejenga majengo mengi ya mji huu. Walifika mezani kwake. Mzee alivuta hewa.

"Mbona hapa kuna samaki?"

Lamunu angeweza kusema hajui. Akaona kwamba uongo hapa ungewahusu watu wengi mno.

"Ni katoni za makayabu, mzee. Nilipewa na mama mmoja, rafiki yetu. Nilizianika, lakini leo zimenyeshewa. Paa limekwenda na mvua. Kuta zimepona kwa sababu mama huyo huyo alinifunikia kwa kitenge chake."

Mwalimu Nabangala aliandika kitu. Mzee Abdul-Latif aliinama, akachungulia ndani kupitia pale ambapo paa lilipaswa kuwa.

"Baraza hili mbona pana hivi? Limekula nafasi ya chumba."

"Ni kwa ajili ya mvua. Watoto wakikutwa na mvua njiani wapate pa kujikinga, hata wasiokuja kusoma. Na kila mlango unaonekana kutoka meza ya mlezi, ili mmoja aweze kuwaangalia wote."

Akaendelea. Alisahau paa, akasahau harufu. Alieleza upepo utaingilia wapi jua likiwa kali, mahali pa wadogo wanaosoma kwa sauti, mahali pa wakubwa wanaotaka kimya. Alizungumza kama mtu aliyewahi kukaa humo, na kweli alikuwa amekaa, nyuma ya pazia, miaka yote ile akikitamani. Mzee alishika ukuta mmoja kwa vidole viwili, akausukuma kidogo.

"Umelowa, lakini umesimama," alisema.

"Umesimama, mzee."

Mwalimu Nabangala alifunga kalamu yake. "Umepita, Lamunu. Paa utaniletea Ijumaa." Alikuwa ameshageuka kwenda meza nyingine aliporudi nusu hatua. "Na safari hii tumia katoni za sabuni. Halafu, tafadhali, hawa paka uondoke nao."

Jioni Lamunu alirudi Naguru na kitenge amekikunja kwapani. Hakumpigia baba simu. Habari ile alitaka kumpa usoni. Alikuwa ameingia tu getini filimbi ilipolia.

Akasimama. Kando yake, beseni kichwani, alikuwa amesimama Mama Tresor, safari hii kama mlingoti. Kule mbele Sajenti Oola alishika kamba, akainua macho, akamwona binti yake.

Hakuna mtu mwenye ruhusa ya kusema bendera ikishuka. Sajenti hakuweza kuuliza na Lamunu hakuweza kujibu. Bendera ilianza kuteremka, taratibu, taratibu, na baba akiwa amemkazia macho.

"Umepita?" alinong'ona Mama Tresor bila kusogeza midomo.

Lamunu aliibana midomo. Lakini uso hauisikilizi filimbi. Tabasamu lilimtoka lenyewe, likakua, likajaa mpaka masikioni, na chozi likateremka katikati yake bila ruhusa ya mtu yeyote.

Kule mlingotini mikono ya Sajenti Oola ilisita. Kisha ikaanza kuvuta. Koplo Okwir, ambaye alikuwa amesimama bombani na sabuni mkononi, huapa mpaka leo kwamba bendera ilianuliwa kama nguo mvua ikinyesha.

Sajenti aliikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaishika kifuani kwa mikono miwili, akaja. Hakuweza kumkumbatia mtu, mikono ilikuwa na bendera. Alisimama tu mbele ya binti yake, akipepesa macho.

"Umemaliza," alisema.

"Nimemaliza, Baba. Limebaki paa."

"Sajenti," alisema Mama Tresor, akipokea kitenge chake na kukinusa, "leo bendera imeshuka mbio."

"Kukimbia si kutembea, Mama Tresor. Ni wewe uliyetufundisha."

Mama yule alicheka mpaka beseni likayumba, ikabidi Lamunu alidake kwa mkono. Paka wawili wa laini walikuwa tayari wamefika.

"Mama Tresor," alisema Lamunu, akiwa bado amelishika beseni, "huko kwako hakuna katoni za sabuni?"